Shangazi, Pasaka Yetu Imeingiliwa na Upanga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 11, wa kike 8. Kwetu ni Tanga, mume wangu ni mtu wa Mwanza, na huu ni mwaka wetu wa tisa hapa Leeds, Uingereza. Mimi nahudumia wazee majumbani kwao, yeye anaendesha lori zamu ya usiku. Nakuandikia nikiwa jikoni, nyumba nzima imelala, maana nikilifungia jambo hili moyoni mpaka mwisho wa Mei nitapasuka.

Mume wangu anacheza upanga. Usije ukafikiri panga la kufyekea. Ni upanga hasa, ukiusimamisha unanifika begani, wa kushikwa kwa mikono miwili, kama wa wale mashujaa waliovaa chuma kwenye picha za Ulaya ya zamani. Miaka miwili iliyopita mfanyakazi mwenzake alimpeleka kwenye ukumbi wanakofanyia mazoezi kila Jumanne, akarudi anacheka peke yake. Tangu hapo amenunua upanga, koti nene jeusi, glovu kubwa kama za kutolea mikate kwenye tanuri, na kinyago cheusi cha kufunika uso wote. Nilipojumlisha risiti nilipata pauni 740. Ni hela ya zamu zake za ziada, sikusema kitu.

Shida imeanza Pasaka. Huku Pasaka ni mapumziko ya siku nne, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu, na mwaka huu nilitaka nyumba ijae watu. Mama mkwe yupo nasi tangu Machi, alikuja na dagaa wake na rozari yake, visa yake ya miezi sita. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja na familia yake kutoka Birmingham. Rafiki zangu wawili, Watanzania wenzetu, nao walikuja na waume zao. Alhamisi nilikaanga maandazi mpaka saa saba usiku.

Jumamosi saa tatu asubuhi mume wangu akaaga. Kuna mazoezi maalumu, mwalimu katoka mbali, atarudi saa nane mchana. Wageni wanafika saa tisa. Nikasema sawa. Saa nane ikapita. Saa tisa wageni hao. Niko na masufuria mawili ya pilau, mbuzi kwenye oveni, watoto sita sebuleni wanarukia makochi, na mama mkwe kila baada ya dakika kumi yuko mlangoni kwangu: "Mkwe, mwanangu yuko wapi?" Shangazi, nilidanganya. Nikasema ameitwa kazini ghafla. Shemeji akaniangalia, akanyamaza.

Aliingia saa kumi na mbili jioni, Wazungu wawili nyuma yake, kila mmoja na mfuko mrefu kama wa fimbo za kuvulia samaki. Mmoja alikuwa bado amevaa kinyago, amekisukuma tu juu ya paji la uso. Mume wangu dole gumba la kushoto limevimba kama ndizi mzuzu, mkono una alama rangi ya bilinganya, na uso wote ni meno. Akasema, "Mama, hawa ni rafiki zangu!" Mama mkwe alikwishaondoka sebuleni. Nilimkuta chumbani kwake ameshika rozari, ananiuliza mwanawe ameingia chama gani.

Jumapili tukatoka misani salama. Tukala. Wale marafiki walialikwa tena (na mume wangu, si mimi), na kusema kweli ni watu wema, mmoja aliosha vyombo vyote bila kuambiwa. Baada ya chakula watoto wakaomba waonyeshwe. Wakatoka bustanini nyuma ya nyumba, wakavaa, wakaanza kupigana, chuma kinalia mpaka majirani wanachungulia. Kisha mume wangu akampa kijana wetu fimbo ya ufagio amfundishe kusimama. Mama mkwe yuko dirishani, anamsikia mwanawe anamwambia mjukuu wake, siku ya Pasaka, "Mjinga! Rudi kwenye Mjinga! Haya, Mjinga tena!" Alilia, Shangazi. Alilia machozi.

Shemeji naye akamalizia. Aliposikia mchezo wenyewe unafundishwa kutoka vitabu vya Wajerumani wa kale, alisema mbele ya wageni: "Mjerumani aliwachapa babu zetu, leo wewe unalipa pauni ujifunze kuchapa kwa kitabu chake." Watu walicheka, ila mume wangu hakucheka.

Jumatatu ndiyo iliyonimaliza nguvu. Niko naanika nguo, namwona mwanangu nje, barabarani kabisa, ameushika ule upanga anawaonyesha watoto wa jirani. Aliutoa chini ya ngazi, ambako baba yake huuegemeza pamoja na miavuli. Jirani mmoja mzee ndiye aliyemwambia kwa upole aurudishe ndani. Hakuna aliyeita polisi. Miguu yangu ilitetemeka mpaka usiku.

Sasa sikiliza na upande wa pili, nisije nikamchora vibaya. Baba yake alipofariki miaka mitatu iliyopita hakuweza kwenda kuzika. Mwaka mzima alikuwa mtu wa kazini na kitandani. Anakula, analala, haongei. Kilichomrudisha si mimi, wala si kanisa. Ni huo upanga. Ndiyo maana kila nikitaka kusema "basi, acha" maneno yananikwama kooni.

Lakini mwisho wa Mei kuna wikiendi nyingine ndefu, Jumatatu yake ni sikukuu ya serikali. Binti yetu anapokea Komunyo ya Kwanza Jumapili. Mama mkwe amebaki kwa ajili hiyo hasa. Na mume wangu ameniambia juzi, tena ameshalipa kiingilio, kwamba Jumamosi ile ana mashindano, mji ulio mwendo wa saa nne kwa gari. Anasema atarudi usiku uleule. Nikikumbuka "nitarudi saa nane" tumbo linaniuma.

Nimkataze? Mama mkwe anasema mchezo huu una mkono wa shetani. Shemeji anasema ni utumwa wa akili. Mimi sijui nasema nini.

Mke wa Mwenye Upanga, Leeds

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye Mjinga, unisamehe. Mara ya pili nikabaki pale uliposema "nilidanganya". Hebu toa upanga kwenye hiyo Jumamosi, weka bao, weka mpira, weka baa. Jumamosi inabaki ileile. Mtu kasema saa nane kaja saa kumi na mbili, na mkewe kasimama kati ya masufuria mawili anamtungia uongo kwa mama yake mzazi. Hapo ndipo ulipoumia. Upanga umekuja kupokea lawama kwa sababu unaonekana na unalia kengele.

Kwa hiyo la kumwambia mumeo, mwambie hilo. Mwambie hivi, kwa maneno yako: "Ulinifanya nimdanganye mama yako." Halafu unyamaze. Usiongeze habari za pauni 740, usiongeze kinyago, usiongeze barabarani. Ukimpa malalamiko matano atajibu lililo jepesi kuliko yote, na wanaume wa mchezo wowote wanajua sana kutetea mchezo. Jibu la hilo moja hana, na ukimweleza hilo peke yake, ataona aibu iliyo halali.

Tuje kwa mama mkwe, maana huyu anahitaji kutendewa haki. Bibi katoka Mwanza, kaona mwanawe kaingia jioni na watu waliovaa nguo nyeusi, na wewe mwenyewe unakiita kile kitu "kinyago". Mwanangu, kinyago kwetu ni cha nini? Kinyago ni cha ngoma, ni cha jando, ni cha mizimu. Ukimwambia mama wa rozari kwamba mwanawe ana kinyago cheusi na chama cha usiku, unatarajia afikiri nini? Kile ni wavu wa chuma wa kukinga uso, kama chekeche. Kiite hivyo, kofia ya wavu. Tena mumeo amkabidhi mkononi, aushike, auone mwanga unavyopita, aone na jasho la mwanawe lilivyoganda kwenye kitambaa cha kidevuni. Kitu ukishakinusa jasho hakikutishi tena.

Na Mjinga aelezwe, maskini. Nilimpigia kijana mmoja ninayemfahamu anayecheza mchezo huo huko Ulaya, nikamuuliza kwa nini mtu amwite mwanawe mjinga siku ya Pasaka. Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe kuna mwalimu wa Kijerumani wa karne ya 14, Johannes Liechtenauer, ambaye mafunzo yake aliyafunga kwenye beti za mafumbo ili asiyefundishwa asiambulie kitu. (Hilo lilinifurahisha. Watu wa pwani tunalijua, mtu anakuimbia ubeti mbele ya kadamnasi na mwenye kuujua ni mmoja.) Katika beti hizo kuna mikao minne ya kusimama na upanga. Mmoja unaitwa Fahali, upanga juu kando ya kichwa, ncha mbele kama pembe. Mwingine Plau, upanga chini kiunoni unaelekezwa mbele kama mtu anayelima. Wa tatu ni wa kuuinua juu, kama unatoka darini. Na wa nne ni Mjinga. Unashusha ncha mpaka karibu na ardhi, unaonekana umezubaa, umejiacha wazi. Mwenzio akidhani kweli wewe mjinga, akaingia, ndipo unapomnasa. Kwa hiyo baba alikuwa anamfundisha mtoto kuuweka mtego. Ila angetumia akili kidogo, akautafutia mkao huo jina jingine la Kiswahili bibi anapokuwa dirishani.

La mkono wa shetani lina jibu, nalo liko mjini kwenu. Kitabu cha zamani zaidi kinachojulikana cha kufundisha kupigana kwa upanga Ulaya, kile ambacho bado kipo, kina miaka kama 700 na kimehifadhiwa hapohapo Leeds, kwenye makumbusho ya silaha, Royal Armouries. Na unajua nani yuko ndani ya picha zake? Padri. Padri mwenye upara wake wa kitawa, ameshika upanga na ngao ndogo ya mviringo, anamfundisha mwanafunzi. Kurasa za mwisho mwanafunzi anaondoka anaingia mwanamke, jina lake limeandikwa, Walpurgis, naye anapambana na padri ana kwa ana. Sisemi kila alichofanya padri ni kitakatifu. Nasema tu kwamba mama mkwe, Mkatoliki wa Mwanza, akiambiwa hivyo na mwanawe mwenyewe atalala usingizi.

Na iwe na mwanawe mwenyewe. Wewe usimweleze. Umeshakuwa mkalimani wa kutosha kati ya mtu na mama yake. Yeye akae naye, jikoni, amwambie kilichompata yeye, baba yake alipozikwa bila yeye kuwepo, amwambie na kilichomtoa kitandani. Nina wasiwasi mama huyo hajui kabisa mwaka ule ulivyokuwa, kwa sababu watoto wetu walioko ughaibuni wana tabia ya kupiga simu wakiwa wameshajifuta machozi.

Ningependa pia bibi akumbushwe kwamba hata sisi si wageni wa mchezo wa kupigana siku ya furaha. Mimi nimekulia Unguja. Nilikuwa msichana nilipopelekwa Makunduchi mara ya kwanza kuangalia Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai. Watu wazima, waume za watu, wamejigawa pande mbili, wanachapana kwa vigogo vya migomba mpaka utomvu unaruka, na wanawake tumesimama pembeni tunaimba na kuwarushia maneno. Nilimwona mjomba wangu, mtu wa swala tano, akimkimbiza jirani yake aliyegombana naye mpaka wa shamba mwaka mzima. Alimfikia, akamchapa mgongoni, kigogo kikapasuka katikati, wote wawili wakaanguka kwa kicheko. Jioni walikula sinia moja. Lamu wana kirumbizi, bakora kwa bakora na zumari inalia. Waomani wana razha yao, na upanga unarushwa hewani ukadakwa. Mumeo hakubuni ugonjwa mpya. Alikosa kigogo cha mgomba huko Yorkshire, jimboni kwenu, akachukua walichonacho wenyeji.

Shemeji nitampitia haraka kwa sababu alitaka kuchekesha watu na akafanikiwa. Aliyewapiga babu zetu mwaka 1905 alikuja na bunduki za rashasha, hakuja na upanga wa mikono miwili, na kufikia wakati huo Wajerumani wenyewe walikuwa wameshausahau mchezo huu, vitabu vimelala maktaba. Kama mumeo anataka kumjibu, amkaribishe akae Mjinga uwanjani. Lakini wewe usiingie. Ugomvi wa ndugu wawili waliofiwa na baba mmoja una mizizi ambayo huijui, na neno "kulipa pauni" limenigusa sikio. Huenda kuna hela ya msiba ambayo mmoja alitoa zaidi ya mwenzake. Nakisia tu.

Sasa mtoto na barabara. Hapa nakuwa mkali, na ukali wangu ni kwa baba. Upanga wa mazoezi ni butu, ncha yake imekunjwa au imevishwa mpira, na bapa limetengenezwa lipinde likichoma. Najua. Lakini una uzito wa karibu kilo moja na nusu ya chuma, na mtoto wa miaka 11 akiuzungusha kwenye kundi la watoto wasio na kofia ya wavu, ubutu hausaidii jicho la mtu. Na sheria ya Uingereza haikai kubishana juu ya makali. Tangu 1988 ni kosa kubeba hadharani kitu chenye bapa la chuma bila sababu ya msingi, na mahakama yao iliwahi kuamua, mwaka 2005, kwamba hata kisu butu cha kupakia siagi kinahesabiwa. Kisu cha siagi, mwanangu. Sasa mtoto mweusi na upanga mtaani, Jumatatu ya sikukuu, watu wote wako madirishani. Mungu amjalie maisha marefu yule mzee jirani, na mpelekeeni pilau.

Kwa hiyo mahali pa upanga ni ndani ya mfuko wake, mfuko umefungwa kwa kufuli, kabati limefungwa, ufunguo kwa baba. Unatoka ndani ya mfuko kwenda mazoezini na kurudi, basi. Wenzake wote wanafanya hivyo, muulize yule aliyeosha vyombo. Na kijana asiadhibiwe kwa kutamani kitu ambacho baba yake alikiegemeza pamoja na miavuli. Atafutiwe upanga wa sifongo, afundishwe vizuri, na kanuni ya kwanza iwe kwamba bila baba hakuna mchezo. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Kuhusu dole gumba, kama mpaka unaposoma hapa bado halikunjiki, akapigwe picha. Kwenye mchezo huu koti ni imara, kofia ni imara, na vidole ndivyo vinavyolipa. Dereva wa lori akivunjika dole gumba hana mshahara. Zamu za ziada zitakazofuata zinunue glovu nzuri zaidi, kabla hajaanza kutamani upanga wa pili. (Atautamani. Nimeambiwa hakuna anayeishia mmoja.)

Tufike Mei. Umeniuliza kama umkataze, na mimi naona asiende. Nitakwambia kwa nini, ili ukimwambia isionekane umeshupaa tu.

Kijana wangu wa kwenye simu amenieleza mashindano yanavyokwenda. Asubuhi watu wanakaguliwa vifaa, kisha wanagawanywa makundi, kila mtu anapigana na wote wa kundi lake. Wanaofanya vizuri wanaingia mtoano, na mtoano unaendelea mpaka jioni. Maana yake mumeo akikuahidi saa ya kurudi anakuahidi kitu kisicho mikononi mwake. Akipigwa mapema, atafika mapema, amenuna. Akishinda, atachelewa, na kila akishinda zaidi atachelewa zaidi. Utakaa nyumbani Jumamosi usiku, gauni jeupe la mtoto limetundikwa mlangoni, unaomba mume wako ashindwe. Mke asiwekwe mahali pa kumwombea mumewe kushindwa. Kisha kuna saa nne za barabara usiku, mtu amechoka, ana vidole vilivyovimba kwenye usukani, na asubuhi misa. Hapana.

Kiingilio kikipotea kipotee. Au amuulize mwandaaji kama kinaweza kuhamishiwa mtu mwingine. Hata kikipotea chote huenda hakifiki bei ya gauni la Komunyo, na gauni hilo binti atalivaa siku moja tu.

Lakini ukimnyang'anya Mei mpe kitu mkononi palepale, msikae na deni. Mwisho wa Agosti kuna wikiendi ndefu nyingine huko kwenu, na mama mkwe, kama nimehesabu visa yake sawasawa, atakuwa anakaribia kupanda ndege au bado yupo awaangalie watoto. Mwambie achague mashindano yoyote ya kiangazi yanayomfaa, aende Ijumaa arudi Jumatatu, na wewe hutapiga simu kuuliza yuko wapi. Tena nenda naye kama unaweza, ukae pembeni uone anavyocheka akiwa ndani ya ile kofia. Umeniandikia kwamba kilichomrudisha si wewe. Niliisikia sauti yako hapo. Unaona wivu, na wivu huo si dhambi, ila utakutafuna ukibaki nje ya mlango wa ukumbi.

Na wewe mwenyewe una siku gani? Nimetafuta kwenye barua yako yote sikuiona. Jumanne ni yake. Yako ni ipi? Wazee wa watu, pilau, nguo za kuanika. Kabla hamjafika Mei taja siku yako moja kwa juma, saa tatu za jioni tu, uzitumie utakavyo, hata kama ni kukaa kwenye basi ukizunguka mji. Siku hiyo masufuria ni ya mwenye upanga. Na Komunyo, nyama ya mbuzi aisimamie yeye na mdogo wake, wawili hao, jiko moja, visu halisi. Watajua wenyewe watakavyomalizana.

Bado kuna kama wiki tano. Jumamosi moja katikati hapo, mchukueni bibi na watoto mwende kwenye hayo makumbusho. Hakuna kiingilio. Mumeo aongoze, aeleze, huko ndiko atakakoeleza vizuri kuliko sebuleni kwako. Jambo moja tu. Kuna kofia ya chuma ya Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, zawadi kutoka kwa Kaisari Maximilian wa Wajerumani wa kale, ina uso wa mtu, miwani, na pembe za kondoo dume. Mpitisheni bibi mbali na hiyo, la sivyo kazi yote ya padri itakuwa bure. Mpelekeni moja kwa moja kwa tembo. Kuna vazi la vita la tembo kutoka India, la vipande vya chuma, kilo zaidi ya mia moja, limevishwa kwenye sanamu ya tembo mzima.

Uniandikie alisema nini alipomwona.

Shangazi